Mzizi wa Jino la Utotoni Huenda Wapi? Seli Zinazobomoa na Kufyonza Mfupa

Kila mwaka, katika shule za msingi za Songea kama kwingineko nchini, watoto wenye umri wa miaka sita au saba huja darasani wakiwa na mapengo. Meno ya utotoni yameanza kudondoka. Wako wanaolitupa jino hilo juu ya paa na kuomba jipya, wako wanaolifukia, na wengi hulitupa tu bila kulitazama. Lakini anayelitazama vizuri kabla ya kulitupa ataona jambo la kushangaza. Jino halina mzizi. Limebaki taji tupu, na upande wake wa chini una kingo zisizo sawa, mithili ya kitu kilichotafunwa.

Jino hilohilo, lau lingaling'olewa kwa koleo miaka mitatu kabla ya siku hiyo, lingalitoka na mizizi kamili. Mizizi hiyo haikukatika, kwa maana hakuna kipande kilichobaki ndani ya ufizi. Haikuoza, kwa maana jino lenyewe ni zima. Je, imekwenda wapi?

Jibu la swali hili dogo ndilo lango la kuingilia katika mojawapo ya habari kubwa za elimuviumbe. Mzizi wa jino la utotoni umeyeyushwa na kufyonzwa na seli za mwili wa mtoto mwenyewe, ili kulipisha jino la utu uzima linalopanda kutoka chini. Seli hizo ni ndugu wa karibu wa seli nyingine ambazo, usiku na mchana, hubomoa mifupa ya kila mtu aliye hai: ya mtoto anayejifunza kutembea, ya mkulima anayepalilia mahindi, na ya bibi anayeota jua barazani. Wataalamu huziita osteoklasti, jina lililotokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya "mvunja mfupa".

Mfupa si jiwe

Mifupa ambayo watu wengi wameiona ni ile iliyo buchani au iliyotupwa jalalani. Kwa sababu hiyo ni rahisi kudhani kuwa mfupa ni kitu kikavu kisicho na uhai, na kwamba kazi yake ni kuushikilia mwili tu kama nguzo zinavyoishikilia nyumba. Fikra hiyo si sahihi. Mfupa ulio ndani ya mwili ni tishu hai. Una mishipa ya damu, una neva, na una seli ambazo hula, hupumua na kufa.

Kwa uzito, takriban theluthi mbili za mfupa ni madini, hasa fuwele ndogo mno za kalisi na fosfeti ziitwazo haidroksiapatiti. Sehemu kubwa ya kinachobaki ni nyuzi za protini iitwayo kolajeni, pamoja na maji. Madini huupa mfupa ugumu. Kolajeni huupa unyumbufu. Mjenzi anayechanganya udongo na manyasi ili ukuta usipasuke anaijua kanuni hii: kitu kigumu peke yake huvunjika upesi, na kitu laini peke yake hupinda, vikiungana, huvumilia.

Zipo aina tatu kuu za seli zinazohusika na kuutunza mfupa. Ya kwanza ni osteoblasti, seli za kujenga, ambazo hutandaza kolajeni na kuifanya ipokee madini. Ya pili ni osteositi. Hizi ni osteoblasti zilizojifukia katika mfupa zilioujenga zenyewe, zikabaki humo kama walinzi, zikiwasiliana kwa vijinyuzi vyembamba vinavyopita katika vijifereji vya mfupa. Ya tatu ni osteoklasti, seli za kubomoa, na ndizo zinazozungumziwa katika makala haya.

Jinsi siri ilivyofichuliwa

Habari za kubomolewa kwa mfupa hazikuanzia katika maabara, bali mezani. Mnamo mwaka 1736 daktari mpasuaji wa London, John Belchier, alitoa taarifa kwamba ameona mifupa myekundu katika nyama ya nguruwe aliyoandaliwa kwa chakula. Mwenyeji wake alikuwa mtia rangi vitambaa, na nguruwe hao walilishwa pumba zilizokwisha tumika pamoja na mizizi ya mmea unaotoa rangi nyekundu. Rangi ile ilikuwa imeshika katika mifupa, tena katika zile sehemu tu zilizokuwa zikijengwa wakati mnyama alipokuwa akila chakula hicho.

Wataalamu waliofuata, miongoni mwao Duhamel du Monceau wa Ufaransa na John Hunter wa Uingereza, walitambua kuwa wamepata kalamu ya kuandikia ndani ya mfupa. Waliwalisha wanyama rangi kwa muda, wakasimamisha, kisha wakaikagua mifupa. Ilionekana kuwa tabaka jekundu lililokuwa juu ya mfupa hufunikwa na tabaka jipya jeupe, na kadiri siku zilivyopita mfupa ulizidi kunenepa kwa nje huku ukiondolewa kwa ndani. Hivyo ndivyo mfupa wa paja wa mtoto unavyoweza kuwa mnene bila ya kuwa mzito kupita kiasi: unajengwa nje na kubomolewa ndani, na ule uwazi wa katikati unaobeba uboho unazidi kupanuka.

Hata hivyo mbomoaji mwenyewe alikuwa bado hajaonekana. Mpasuaji Mwingereza John Howship, mwanzoni mwa karne ya 19, alieleza juu ya vishimo vidogo vilivyo katika nyuso za mifupa. Vishimo hivyo vinaitwa kwa jina lake hadi leo. Hadubini zilipoboreshwa, seli kubwa zenye viini vingi zilionekana zimelala ndani ya vishimo hivyo. Mwaka 1873 Mswisi Albert von Kölliker alizipa jina la osteoklasti na kueleza kuwa hizo ndizo zinazoula mfupa.

Umbo la seli na namna inavyofanya kazi

Seli ya kawaida katika mwili wa binadamu ina kiini kimoja. Osteoklasti ina viini vingi, mara nyingi kati ya vitano na ishirini, kwa sababu inatokana na seli ndogo kadhaa zilizoungana na kuwa moja. Upana wake huweza kufikia mikromita 100, yaani sehemu moja ya kumi ya milimita. Ukubwa huo ni zaidi ya unene wa unywele, na kwa seli ni ukubwa wa jitu.

Kazi yake hufanyika kwa hatua nne zinazofuatana.

Hatua ya kwanza ni kujibandika. Osteoklasti hushuka juu ya uso wa mfupa na kujishikiza kwa nguvu kwa ukingo wake wa mviringo, mfano wa bakuli lililofunikwa kifudifudi juu ya meza. Nafasi iliyo chini yake hufungwa kabisa, isiweze kuvuja.

Hatua ya pili ni kumwaga tindikali. Utando wa seli unaoelekea mfupa hujikunja mara nyingi, ukawa na mikunjo kama ya kitambaa cha marinda, ili eneo la kufanyia kazi liwe kubwa. Katika mikunjo hiyo zimo pampu za protini zinazosukuma ayoni za haidrojeni kuingia katika nafasi iliyofungwa, nazo ayoni za kloridi hufuata kupitia milango yake. Matokeo yake ni tindikali ya haidrokloriki, ambayo pH yake hufikia takriban 4.5. Madini ya mfupa hayawezi kustahimili hali hiyo. Huyeyuka kwa mujibu wa mlinganyo ufuatao:

Ca10(PO4)6(OH)2 + 8H+ → 10Ca2+ + 6HPO4²⁻ + 2H2O

Wanafunzi wa kemia wanaweza kuuhakiki mlinganyo huu kwa kuhesabu atomu na chaji za kila upande.

Hatua ya tatu ni kukata kolajeni. Madini yakishaondoka, nyuzi za protini hubaki uchi. Osteoklasti humwaga vimeng'enya, na mashuhuri kati ya hivyo ni kile kiitwacho kathepsini K, ambacho hufanya kazi vizuri katika mazingira ya tindikali na huzikata nyuzi hizo vipandevipande.

Hatua ya nne ni kusafirisha. Kalisi, fosfeti na vipande vya protini huchukuliwa ndani ya seli, huvushwa hadi upande wa pili, na kumwagwa karibu na mishipa ya damu. Kisha osteoklasti hujibandua, husogea kidogo, na kuanza upya. Nyuma yake huacha kishimo cha Howship.

Wakazi wa vijiji vinavyopakana na mapori ya Namtumbo na Tunduru wanakijua kinyesi cheupe cha fisi. Weupe huo ni chokaa ya mifupa aliyoila. Fisi huuvunja mfupa kwa taya, kisha tumbo lake huuyeyusha kwa tindikali na kuimeng'enya protini yake. Osteoklasti haina meno wala taya, lakini inatumia mbinu inayofanana: tindikali kwa madini, kimeng'enya kwa protini. Tofauti kubwa ni kwamba fisi hula mfupa wa mwingine, ilhali osteoklasti hula mfupa wa nyumba inayoishi.

Wageni kutoka katika damu

Kwa miaka mingi ilidhaniwa kuwa seli za kujenga na seli za kubomoa zina asili moja. Ukweli ulifahamika kutokana na ugonjwa adimu wa kurithi uitwao osteopetrosi, yaani mifupa kuwa kama mawe. Mtoto mwenye ugonjwa huu katika hali yake kali huzaliwa na osteoklasti zisizofanya kazi, au hana kabisa.

Mtu anaweza kufikiri kuwa mtoto wa namna hiyo ana bahati, kwa vile mifupa yake haibomolewi. Kumbe ni msiba. Mifupa hujaa ndani, ikakosa uwazi wa uboho, na mtoto akapungukiwa damu. Matundu ya fuvu yanayopitisha neva hushindwa kupanuka, na neva za macho na masikio hubanwa. Meno hushindwa kutoka. Na mifupa yenyewe, ijapokuwa ni mizito, huvunjika kwa urahisi, kwa sababu sehemu zilizochakaa haziondolewi na kujengwa upya.

Katika miaka ya 1970 mtafiti D. G. Walker wa Marekani aliwachunguza panya wenye ugonjwa wa aina hii. Aliunganisha mzunguko wa damu wa panya mgonjwa na wa panya mzima, na baadaye, katika taarifa za mwaka 1975, alieleza jinsi alivyowapa panya wagonjwa seli za wengu na za uboho kutoka kwa panya wazima. Panya wagonjwa walipona. Ilidhihirika kwamba mbomoaji wa mfupa si mwenyeji wa mfupa. Ni mgeni anayeletwa na damu, wa ukoo mmoja na zile chembe nyeupe za damu zinazomeza vijidudu.

Mwaka 1980 madaktari wa Marekani, wakiongozwa na Peter Coccia, walitangaza kuwa wamemtibu mtoto wa kike wa miezi mitano mwenye osteopetrosi kwa kumpandikiza uboho wa kaka yake. Upungufu wake wa damu uliondoka na mifupa yake ikaanza kubomolewa ipasavyo. Walipozichunguza seli za mfupa kwa hadubini waliona jambo la kufundisha: osteoklasti zake zilikuwa na kromosomu Y, ambayo msichana hana, kwa hiyo zilikuwa zimetoka kwa kaka. Osteoblasti zake hazikuwa nayo. Hizo zilikuwa zake mwenyewe. Katika mwili mmoja, wajenzi walikuwa wa dada na wabomoaji walikuwa wa kaka. Hakuna ushahidi ulio wazi kuliko huo kwamba seli hizo zina asili mbili tofauti.

Nani anatoa amri?

Ubomoaji usio na msimamizi ungemaliza mifupa yote. Kwa hiyo mwili umeweka utaratibu, na ajabu yake ni kwamba amri ya kubomoa hutolewa kwa sehemu kubwa na wajenzi wenyewe.

Osteoblasti na osteositi hutengeneza protini iliyopewa jina la RANKL. Protini hii ikikutana na seli changa ya ukoo wa osteoklasti huingia katika kipokezi chake kama ufunguo katika kufuli, na seli hiyo hupevuka na kuungana na wenzake. Lakini seli za kujenga hutengeneza pia protini nyingine, osteoprotegerini, yaani "mlinzi wa mfupa", ambayo huudaka ufunguo huo njiani kabla haujafika. Protini hii ya ulinzi ilitangazwa mwaka 1997, na dhima ya RANKL ikathibitishwa mwaka uliofuata. Kasi ya kubomoa hutegemea uwiano wa hizo mbili.

Homoni nazo huuelekeza uwiano huo. Mwili wa mtu mzima una takriban kilo moja ya kalisi, na asilimia 99 yake imo katika mifupa na meno. Kile kidogo kilicho katika maji ya damu, kama miligramu 100 kwa lita, hakina budi kubaki palepale, kwa kuwa misuli, neva na moyo hukitegemea. Kalisi ya damu ikipungua, tezi nne ndogo za shingoni ziitwazo paratiroidi hutoa homoni inayozihimiza seli za kujenga kutoa RANKL zaidi. Osteoklasti huamka na kutoa akiba katika ghala. Kalisi ikizidi, homoni ya kalsitonini huzituliza osteoklasti. Estrojeni, ambayo ni homoni ya kike lakini ina kazi hata katika mwili wa mwanamume, huzizuia osteoklasti zisizidi.

Mfano wa ghala hili upo katika kila banda la kuku. Kaka la yai moja huhitaji takriban gramu 2 za kalisi, na sehemu kubwa ya kaka hujengwa usiku, wakati kuku hali chakula. Kuku anayetaga huweka mfupa wa pekee ndani ya uwazi wa mifupa yake mirefu; usiku osteoklasti huubomoa na kupeleka kalisi kwenye kaka, na mchana, kuku akila, mfupa huo hujengwa tena. Kuku asiyepata kalisi ya kutosha hutaga mayai yenye kaka laini, na hatimaye mifupa yake mwenyewe hudhoofika.

Katika mtu mzima takriban asilimia 10 ya mifupa hufanywa upya kila mwaka. Pahali pamoja, ubomoaji huchukua wiki chache. Ujenzi wa kuziba pengo hilo huchukua miezi mitatu au zaidi. Kubomoa ni haraka, kujenga ni polepole. Hii ndiyo sababu ubomoaji ukizidi kidogo tu, wajenzi hushindwa kuufikia.

Ushahidi katika miamba ya Ruhuhu

Kazi ya osteoklasti haikuanza jana. Magharibi ya Songea, katika bonde la Mto Ruhuhu unaomwaga maji yake katika Ziwa Nyasa, imo miamba ya enzi za Permi na Triasi yenye visukuku vya wanyama walioishi zaidi ya miaka milioni 230 iliyopita. Mwaka 1933 F. R. Parrington wa Chuo Kikuu cha Cambridge alikusanya mifupa huko. Mwaka 1963 ulifika msafara wa Waingereza. Na tangu mwaka 2007 wataalamu wa Tanzania na wa nchi za nje wamefanya misafara mingine. Miongoni mwa matunda yake ni mnyama aliyetangazwa mwaka 2010 kwa jina la Asilisaurus kongwe, jina ambalo sehemu zake mbili zimetoka katika Kiswahili, na Nyasasaurus parringtoni, aliyeelezwa kutokana na mifupa iliyokusanywa katika miaka ya 1930, ambaye ama ni dinosau wa zamani kuliko wote wanaojulikana, ama ni jamaa yao wa karibu.

Wataalamu hawatazami umbo la mifupa hiyo peke yake. Hukata kipande chembamba, wakakisugua hadi mwanga upenye, na kukiweka chini ya hadubini. Seli zilikwisha kutoweka zamani, lakini vyumba vyake, mifereji ya mishipa ya damu na mpangilio wa nyuzi vimehifadhiwa katika jiwe. Mfupa wa mkono wa Nyasasaurus umeonyesha nyuzi zilizosukwa bila mpangilio, alama ya mnyama aliyekua kwa haraka. Mifupa mirefu ya Asilisaurus nayo ilichunguzwa kwa njia hiyo katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016.

Hapa ndipo osteoklasti huwasaidia na kuwatatiza wataalamu kwa pamoja. Huwasaidia kwa kuwa kingo zenye vishimo ndani ya kisukuku huonyesha mahali mfupa wa kwanza ulipobomolewa na mwingine ukajengwa. Huwatatiza kwa kuwa wanyama wengi huweka katika mfupa alama za mwaka, kama pete za mti, na osteoklasti zinapopanua uwazi wa uboho huzila pete za ndani, yaani za utotoni. Mwenye kuhesabu umri wa mnyama wa kale hulazimika kukadiria miaka ambayo osteoklasti zilikwisha kuifuta.

Mizani inapopotoka

Hadi kufikia umri wa miaka ishirini hivi, ujenzi huushinda ubomoaji, na sehemu kubwa ya akiba ya mfupa ya maisha yote huwekwa wakati huo. Baadaye mizani hukaa sawa. Kisha, kwa wanawake, hedhi inapokoma na estrojeni kupungua, osteoklasti huongezeka na mfupa hupungua kwa kasi katika miaka michache ya mwanzo. Wanaume nao hupoteza mfupa, ingawa polepole zaidi. Hali ya mifupa kuwa na matundu na wepesi usio wa kawaida huitwa osteoporosi. Bibi aliyejikwaa kizingitini na kuvunjika nyonga hakuangushwa na kizingiti peke yake. Kwa miaka mingi mfupa wake ulikuwa ukitolewa kuliko unavyorudishwa, naye hakuhisi maumivu yoyote.

Kuna sababu nyingine. Mfupa usiobebeshwa mzigo huhesabiwa na mwili kuwa hauna kazi. Mgonjwa anayelala kitandani kwa miezi hupoteza mfupa, na wanaanga walio nje ya mvuto wa dunia hupoteza asilimia 1 hadi 1.5 ya mfupa wa nyonga kwa mwezi. Dawa za jamii ya prednisoloni, zikitumiwa kwa muda mrefu, hudhoofisha mifupa. Hata hivyo mgonjwa asiziache ghafla bila ushauri wa daktari, kwani kufanya hivyo kuna hatari yake. Kifua kikuu kikiingia katika uti wa mgongo huleta uvimbe unaoziita osteoklasti kwa wingi, pingili zikaliwa, na mgongo ukapinda. Kibyongo cha namna hiyo mara nyingi hudhaniwa kuwa kimesababishwa na kuanguka au na ulozi, na wakati wa kutibu hupita. Mtu mwenye maumivu ya mgongo yasiyokwisha, pamoja na homa za jioni na kukonda, anapaswa kupimwa mapema, kwa kuwa kifua kikuu hutibika, lakini pingili iliyokwisha kuliwa hairudi.

Maarifa ya osteoklasti yamezaa dawa. Bisfosfonati, zilizoanza kuchunguzwa na Herbert Fleisch wa Uswisi katika miaka ya 1960, hushika katika madini ya mfupa, na osteoklasti inayouyeyusha mfupa huo humeza dawa na kudhoofika. Denosumabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2010, huidaka RANKL kama osteoprotegerini ifanyavyo. Dawa hizi hutolewa na daktari kwa uangalifu, kwani, kama osteopetrosi inavyofundisha, kumzuia mbomoaji kabisa nako ni madhara.

Kwa kijana wa sekondari dawa iliyo karibu ni kujenga akiba mapema. Usipa wa Ziwa Nyasa na dagaa, wakiliwa wazima pamoja na mifupa yao, ni chanzo kizuri cha kalisi; hali kadhalika maziwa na baadhi ya mboga za majani. Jua la Songea huiwezesha ngozi kutengeneza vitamini D, ambayo husaidia utumbo kufyonza kalisi. Na kukimbia, kuruka kamba, kucheza mpira na kulima huwapa walinzi walio ndani ya mfupa habari kwamba mfupa huo una kazi, usibomolewe.

Jaribio la darasani

Vifaa: mifupa mitatu ya mapaja ya kuku iliyosafishwa, vikopo viwili vyenye vifuniko, siki, maji, jiko la mkaa na koleo.

1. Mfupa wa kwanza uwekwe katika maji. Huu ni wa kulinganishia.
2. Mfupa wa pili uwekwe katika siki kwa siku saba, siki ikibadilishwa baada ya kila siku mbili.
3. Mfupa wa tatu uchomwe katika mkaa mbele ya mwalimu hadi uwe mweupe, kisha uachwe upoe.

Wanafunzi wajaribu kuipinda mifupa yote mitatu na kuandika waliyoyaona. Mfupa wa siki utapindika kama mpira: madini yameondoka, kolajeni imebaki. Mfupa uliochomwa utavunjika kama chaki: kolajeni imeungua, madini yamebaki. Osteoklasti huviondoa vyote viwili, na ndiyo maana nyuma yake hubaki shimo.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini osteoklasti ni lazima ijibandike na kuifunga nafasi iliyo chini yake kabla ya kumwaga tindikali?
2. Eleza kwa nini kolajeni hukatwa baada ya madini kuyeyushwa, wala si kabla.
3. Mtoto mwenye osteopetrosi ana mifupa mizito. Kwa nini huvunjika kwa urahisi na kupungukiwa damu?
4. Kromosomu Y iliwathibitishia nini madaktari wa mwaka 1980? Je, jambo hilo lingedhihirika kama mtoa uboho angekuwa dada?
5. Mtu mzima ambaye jino lake moja la utu uzima halikuumbika kabisa huweza kubaki na jino la utotoni, pamoja na mzizi wake, kwa miaka mingi. Hali hiyo inafundisha nini juu ya chanzo cha amri ya kuubomoa mzizi?

Anayeweza kulijibu swali la tano amekwisha kulijibu lile la mwanzo. Mzizi wa jino la utotoni hauozi wala haupotei. Huyeyushwa kwa wakati wake, ukaingia katika damu, na kalisi yake huweza kutumika tena kuujenga mwili wa mtoto yuleyule.